Mji Mzima Kwenye Mabehewa

Queensland, Australia, nyumba ni mzigo. Namaanisha mzigo wa kupakia. Unanunua nyumba bila kiwanja chake, mafundi wanakuja kuikata katikati kwa msumeno, nusu inapanda lori moja na nusu lori jingine, na usiku barabara zikiwa tupu inasafirishwa kwenda kwenye kiwanja kingine, pengine mamia ya kilomita. Kinachobaki ni zile nguzo fupi zilizokuwa zimeibeba, na bomba la maji limesimama peke yake. Hakuna anayeshangaa. Kuna kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo tu, zina yadi zilizojaa nyumba zinazosubiri mteja, na unaweza kuingia na kuchagua.

Mimi ni mtu wa mizigo, ndiyo maana jambo hili lilinikaa kichwani. Kabla ya kumfuata mke wangu Townsville, alikokwenda kusoma, nilikuwa wakala wa forodha Dar es Salaam. Shaba ya Katanga ikishuka kutoka Tunduma kwenye malori, mimi na wenzangu ndio tuliokimbizana na makaratasi yake mpaka ipande meli. Kwa hiyo niliposikia kwamba ndani kabisa ya Queensland kulikuwa na mji wa shaba ambao siku moja watu waliupakia, mbao na mabati yake, wakaondoka nao, nilitaka kuona ule mahali pa kupakilia.

Unaitwa Kuridala. Leo ni jina kwenye ramani, kilomita zipatazo 65 kusini mwa mji mdogo wa Cloncurry.

Njia ya kistaarabu ya kwenda huko ni treni ya Inlander, inayotoka Townsville pwani hadi Mount Isa mara mbili kwa wiki. Kilomita 977, karibu saa 21, kwenye viti, vitanda hakuna. Abiria wa Deluxe wa kwetu angesikia fedheha. Reli yenyewe ina upana wa milimita 1067, uleule wa TAZARA, na Queensland ndiko walikothubutu mwaka 1865 kujenga njia kuu kwa reli nyembamba namna hiyo ili kupunguza gharama. Ukishaujua upana huo huwezi kuacha kuusikia: behewa linavyoyumba, linavyokubembeleza kisha likakuamsha kwa kishindo. Baada ya Hughenden unaingia kwenye uwanda wa udongo mweusi usio na mti, saa nyingi mno, mpaka unaanza kuwaonea huruma waliopima njia ile wakiwa juu ya farasi. Halafu, karibu na Cloncurry, ardhi inabadilika ghafla. Vilima vyekundu vinachomoza, mawe makali, mikaratusi yenye magome meupe, na nyasi za spinifeksi ambazo kwa mbali unadhani ni laini hadi uzikalie.

Cloncurry ina watu wapatao 3,000 na sifa kubwa kuliko idadi hiyo. Hapa ndipo daktari wa kwanza wa ndege aliporuka kwenda kumtibu mgonjwa, Mei 1928, kwa ndege iliyokodishwa kutoka Qantas, baada ya mchungaji John Flynn kulipigania wazo hilo miaka mingi. Hapa pia ndipo palipodaiwa kufika nyuzijoto 53.1 mwaka 1889, rekodi iliyojivuniwa zaidi ya karne mpaka wataalamu wakaikataa kwa sababu kipimo hakikuwa cha kawaida. Wenyeji hawajakubali. Pembezoni kuna makaburi ya Waafghani, Waislamu waliokuja na ngamia kubeba mizigo kabla ya reli, kaburi moja likielekezwa kibla chini ya jua lile. Nilisimama pale nikasoma Fatiha. Watu wa mizigo wenzangu.

Shaba ilionekana hapa mwaka 1867, na aliyeiona ni Ernest Henry, mtu aliyekuwa akitafuta malisho ya ng'ombe. Kwa miaka 40 haikuwa na faida kubwa, na sababu yake kila mtu wa bandari ataielewa: gharama ya kuifikisha melini. Ilikokotwa na maksai na ngamia hadi Normanton, bandari ya mtoni upande wa Ghuba ya Carpentaria, na bei ya shaba ikishuka kidogo tu, safari nzima inakuwa hasara. Serikali ikaamua kujenga reli kutoka Normanton hadi Cloncurry. Hapo ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote vya eneo lile. Kabla hawajaanza kujenga, dhahabu ikafumuka Croydon, mwaka 1885. Reli ikageuzwa njia, ikapelekwa Croydon badala ya Cloncurry, ikamalizika 1891. Dhahabu ikaisha. Reli ipo hadi leo, kilomita 151, haijaungana na reli nyingine yoyote duniani, na treni yake moja inakwenda Croydon na kurudi kila wiki ikiwa na watalii.

Cloncurry ikabaki inasubiri. Reli ya kutoka Townsville ilifika Hughenden 1887, ikakaa miaka 17 bila kufika Richmond, ndipo ikafika Cloncurry kufikia 1908. Kutoka hapo mambo yakawa ya haraka ya kutisha. Tawi likashuka kusini kupitia Malbon, likafika Kuridala na Selwyn mwaka 1910. Jingine likaenda Duchess 1912, likasogea hadi Dajarra 1917. Jingine kaskazini hadi Dobbyn, 1917. Yote yalifuata shaba.

Aliyenipeleka Kuridala ni mzee mmoja mstaafu wa reli, tuliyekutana kwenye jumba la makumbusho la Cloncurry. Alikuwa akitengeneza njia, kazi ya mataruma na kokoto, na alizungumza juu ya mataruma kama wazee wetu wanavyozungumza juu ya ng'ombe, kila moja na tabia yake. Aliomba ruhusa kwa simu kwanza, maana sehemu kubwa ya nchi ile ni ranchi, na kupita kwenye geti la mtu bila kumwambia ni utovu wa adabu. Kuliacha wazi ni dhambi.

Barabara inafuata tuta la reli ya zamani. Reli zenyewe ziling'olewa baada ya tawi la Selwyn kufungwa miaka ya 1960, lakini tuta lipo, limenyooka, na makalvati yake yapo. Mzee alikuwa akiniita nitazame kila kalvati. Mimi nilikuwa natazama mbele, nikingoja mji. Kisha akazima gari akaniambia tumefika, nami sikuona kitu.

Hapa palikuwa na watu 1,500 mwaka 1920. Palikuwa na hoteli sita, maduka, sinema, kiwanda cha barafu, shule, hospitali, kituo cha polisi, na Wachina waliolima mboga kandokando ya kijito. Sasa kuna vipande vya chupa, vingi mno, kijani na kahawia, vimesagika hadi ardhi inameta. Kuna mstari wa mawe uliokuwa ukingo wa bustani ya mtu. Kuna mtende mmoja au miwili. Mzee alinionya nisiokote chochote, maana eneo limo kwenye orodha ya urithi wa Queensland, na pia kwa sababu, kama alivyosema, "wengine walishaokota vya kutosha."

Ukipanda kidogo ndipo unaiona kazi yenyewe. Misingi ya zege ya tanuri la kuyeyushia shaba, minene, yenye mashimo ya boliti. Mkondo wa moshi uliojengwa kwa matofali ukielekea lilipokuwa dohani. Na pembeni yake, mlima mweusi wa masalia ya tanuri, yaliyomwagwa yakiwa moto na kuganda kwa mikunjo mizito.

Niliupiga picha mlima ule nikamtumia rafiki yangu, dereva wa malori aliyekwenda Congo mpaka akachoka. Kule mtandao haukuwapo. Picha iliondoka usiku tuliporudi Cloncurry. Jibu likaja kwa sauti, huku anacheka: "Kaka, umefika Lubumbashi lini? Mbona hukusema?"

Hakukosea sana. Mlima mweusi wa Lubumbashi na dohani lake vinajulikana kwa kila dereva wa njia ile. Sikulala mapema usiku huo, nikawa naweka miaka ya sehemu hizi mbili bega kwa bega, na mpaka leo nashangaa. Kampuni ya Hampden Cloncurry, iliyochimba shaba ya Kuridala, iliandikishwa Melbourne mwaka 1906. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji ya shaba ya Katanga, ilianzishwa mwaka huohuo. Reli ilifika Kuridala 1910. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, 1910. Tanuri la Kuridala liliwashwa 1911. La Lubumbashi, 1911. Hata upana wa reli ni uleule, 1067. Wote wawili walikuwa ndani kabisa ya bara, mamia ya kilomita kutoka baharini, wote walilazimika kuletewa makaa ya koki kutoka mbali. Mmoja leo una watu zaidi ya milioni mbili. Mwingine una vipande vya chupa.

Sababu ya kwanza iko chini ya ardhi, na haina siri. Shaba ya Katanga ni nene na pana kupita kiasi. Ya Cloncurry ilikuwa tajiri juu, kisha mishipa ikawa myembamba na mifupi kadiri unavyoshuka. Mchimbaji yeyote wa Geita aliyewahi kufuata mwamba ukamkimbia anajua uchungu wake. Sababu ya pili ni ya watu. Katanga iligawiwa kampuni moja na dola ya kikoloni. Cloncurry ilikuwa na kampuni tatu kubwa, Hampden huku Kuridala, Mount Elliott kule Selwyn, Mount Cuthbert kaskazini, kila moja na tanuri lake, kila moja na bodi yake, na tanuri zote zikililia mbale, yaani mawe yenye shaba, na koki. William Corbould, meneja wa Mount Elliott, alihubiri kwamba waungane. Hawakuungana mpaka walipokuwa hawana cha kuunganisha.

Lakini iko sababu ya tatu, na hii naisema mimi kwa jicho la mtu wa mizigo. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi akae na mke na watoto, ikajenga kambi za nyumba za matofali. Haikuwa huruma. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikusanywa vijijini, mara nyingi kwa nguvu, wakifa na kutoroka, na kampuni ilipiga hesabu ikaona familia ni rahisi kuliko kutafuta watu wapya kila mwaka. Hata hivyo tofali likishakaa limekaa. Kuridala ilijengwa kwa mbao, mabati na magunia. Wengi walikuwa wanaume waliokuja na begi. Mji wa namna hiyo ulijengwa ukiwa umeshafungashwa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoupandisha na ndiyo iliyouangusha. Makombora na risasi vinataka shaba, bei ikapaa, tanuri zikafanya kazi usiku na mchana. Mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Friezland, jina lililonuka Ujerumani, basi mwaka 1916, mwaka uleule Wabelgiji walipoingia Tabora, likafutwa na kuwekwa Kuridala. Vita ilipokwisha, shaba iliyorundikwa maghalani ikawa haina mnunuzi. Bei ikaporomoka. Tanuri la Kuridala likazimwa 1920 na halikuwashwa tena.

Kilichofuata kilinifanya nicheke peke yangu. Mwaka 1923 John Campbell Miles, mtu wa kuhamahama na farasi wake, aliokota mawe mazito yenye risasi na fedha magharibi ya pale, mahali palipokuja kuitwa Mount Isa. Mji mpya ulitaka nyumba, na nyumba zilikuwepo tayari, tupu, Kuridala. Majengo kadhaa yakafunguliwa misumari, yakapakiwa. Reli iliyoleta mji ikaanza kuuondoa. Iliendelea hadi Duchess tu, kutoka hapo mikokoteni na malori, mpaka 1929 reli yenyewe ilipofika Mount Isa. Corbould, yule aliyehubiri muungano, alikuwa ameshahamia huko kuongoza kampuni mpya. Mara hii alihakikisha amenunua viwanja vya uchimbaji vya wenzake kwanza.

Nimeeleza haya yote kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Haikuwa. Mbale ya Hampden iligunduliwa 1884. Mwaka huohuo, kaskazini zaidi, karibu na ilipo Kajabbi leo, Wakalkadoon, wenyeji wa asili wa nchi ile, walipigana na polisi wa kikoloni chini ya Frederick Urquhart kwenye kilima kinachoitwa Battle Mountain. Walikuwa wamewazuia walowezi kwa miaka kadhaa. Askari wengi wa Urquhart walikuwa wenyeji wa mikoa mingine ya Queensland, waliopewa farasi na bunduki ili wawapige wenzao. Sisi tuliosoma habari za askari wa Wissmann hatuhitaji kuelezwa zaidi. Wakalkadoon waliuawa kwa wingi. Urquhart alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa polisi wa Queensland nzima.

Watu hao walikuwa wachimbaji kabla ya mchimbaji yeyote mwenye leseni. Karibu na Mount Isa walikuwa na machimbo ya mawe ya kutengenezea mashoka, na mashoka hayo yalibadilishwa mkono kwa mkono hadi mamia ya kilomita kusini, bila behewa. Mwaka 2011 mahakama ya shirikisho ilitambua haki yao ya asili juu ya sehemu ya ardhi hiyo. Watu pekee ambao hawakuondoka na reli ni wale ambao hawakuletwa nayo, na nilishangaa jinsi vibao vya historia huko njiani vinavyowataja kwa sentensi moja, halafu aya tatu za hoteli.

Selwyn tuliipita haraka. Ni Kuridala nyingine, na dohani zaidi. Mary Kathleen ni habari tofauti.

Uko kati ya Cloncurry na Mount Isa, kando ya barabara kuu. Mwaka 1954 watafutaji wawili, Clem Walton na Norm McConachy, waligundua urani hapo, wakaupa mgodi jina la mke wa McConachy aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla. Rio Tinto ikanunua, Mamlaka ya Nishati ya Atomiki ya Uingereza ikaingia mkataba wa pauni milioni 40, na mji ukajengwa kwa watu wapatao 1,000, safari hii wa kisasa: lami, miti ya kivuli, bwawa la kuogelea, sinema. Mgodi ulifanya kazi tangu 1958 hadi 1963, mkataba ukaisha, ukalala; ukafufuliwa miaka ya 1970, ukafungwa kabisa 1982. Mwaka 1983 mji mzima ukapigwa mnada, nyumba kwa nyumba, na malori yakaja.

Kwa hiyo hata waliojenga kwa nia ya kukaa walijenga nyumba inayobebeka. Lami bado ipo, na kingo za barabara, na msingi wa zege wa kila nyumba, na mibuganvilia iliyojiotea porini. Unaweza kutembea mtaa mzima, ukakata kona, ukajua hapa jikoni, hapa gereji. Kilomita chache kutoka hapo ni shimo lenyewe, duara kubwa la ngazi kwa ngazi lenye maji ya bluu ya ajabu, na vijana hupanda mpaka pale kupiga picha za kuweka mtandaoni. Hawaogi, wenye akili. Kazi ya kusafisha eneo ilimalizika 1985 na ikapewa tuzo na wahandisi wa Australia. Nilifikiria Mkuju, Namtumbo, ambako urani yetu iliendelezwa kwanza na kampuni ya Kiaustralia, Mantra, kabla ya kuuzwa kwa Warusi mwaka 2011. Ningependa wabunge wetu wapelekwe Mary Kathleen, wasimame juu ya shimo lile, waulize marudio, yale mabaki ya mbale iliyosagwa, yamefukiwa wapi na nani anayalinda baada ya tuzo kutundikwa ukutani. Posho ya safari hiyo nisingeilalamikia.

Mount Isa, ambako treni inaishia, ina watu wapatao 18,000 na madohani mawili yanayoonekana kutoka kila mtaa. Oktoba 2023 Glencore ilitangaza kwamba migodi yake ya shaba ya chini ya ardhi pale ingefungwa 2025. Mji ukashtuka, ingawa risasi na zinki zinaendelea. Nilipozunguka mitaani nilijikuta nafanya kazi yangu ya zamani bila kuombwa, kila nyumba naikagua: hii mbao juu ya nguzo, hii inapakika; hii zege, hii inabaki. Nyumba nyingi zinapakika.

Nilimwambia mzee kwa simu kwamba kama ni kuweka dau, ningeweka kwa Cloncurry. Ilikuwepo kabla ya Kuridala, imeizika Kuridala, Selwyn na Mary Kathleen, na siku zote ilikuwa na ng'ombe wa kupakia shaba ikikosekana. Dajarra ilifanya hivyohivyo, iliposhindwa shaba ikawa stesheni kubwa ya ng'ombe, ingawa nayo reli yake ilifungwa miaka ya 1990, malori makubwa yalipoichukua kazi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mjukuu wake, fundi umeme, amenunua nyumba Mount Isa baada ya lile tangazo, kwa bei ya kutupa, na ameshamwaga zege la gereji.